Bud Fowler si utangulizi wa hadithi ya mtu mwingine

Kila ifikapo Aprili 15, wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli Marekani huvaa jezi namba 42. Wanamkumbuka Jackie Robinson, ambaye siku kama hiyo mwaka 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuubomoa ukuta uliowafungia nje wachezaji weusi kwa miaka 60. Robinson anastahili heshima yote anayopewa, na zaidi. Lakini kila msimu huo unapofika, makala za historia humtaja pia Bud Fowler, na karibu zote humtaja kwa mstari mmoja: Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa kucheza besiboli katika ligi ya wazungu, aliyemtangulia Robinson. Kisha hadithi inarudi Brooklyn.

Mstari huo siupendi. Hauna uongo ndani yake, ila unamchukua mtu aliyeishi kwa mchezo huu tangu ujana wake hadi mvi na kumfanya awe njia ya kupitia kwenda kwa mwingine. Fowler alikuwa mchezaji wa kituo cha pili. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, na ndiyo iliyomweka mahali ambapo chuki ingeweza kumfikia mwilini. Ukianza na "wa kwanza" na kuishia hapo, huwezi kuelewa kwa nini alifukuzwa mara nyingi vile, wala kwa nini kila alipofukuzwa palikuwa na timu nyingine iliyomtaka.

Jina lake la kuzaliwa ni John W. Jackson. Alizaliwa Machi 16, 1858 huko Fort Plain, jimbo la New York, miaka michache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomaliza utumwa. Baba yake alikuwa kinyozi, na familia ilihamia Cooperstown, mji mdogo wa jimbo hilohilo, mtoto akiwa bado mchanga. Yeye naye alijifunza unyozi, na kazi hiyo ilimfaa maisha yake yote: msimu ukiisha, au timu ikivunjika bila kumlipa, alishika mkasi. Jina la "Bud" alilipata kwa sababu ndivyo alivyozoea kuwaita wenzake.

Anajitokeza kwenye kumbukumbu za mchezo Aprili 1878, akiwa na miaka 20, kama mrushaji, yaani anayemrushia mpira mpigaji wa upande wa pili. Tarehe 24 aliichezea timu ya Chelsea, Massachusetts, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Boston, mabingwa wa National League, ligi kuu ya wakati huo, wa mwaka uliotangulia. Mrushaji wa Boston alikuwa Tommy Bond, mmoja wa wakali wa zama zile. Chelsea walishinda 2 kwa 1. Muda mfupi baadaye Fowler akachukuliwa na Lynn Live Oaks, timu ya International Association, ligi ya kulipwa ya wazungu, na hapo ndipo linapoanzia lile neno "wa kwanza".

Miaka iliyofuata alihama huku na huku. Mwaka 1881 alikwenda Guelph, Ontario, nchini Kanada, na wachezaji wa timu hiyo wakakataa kucheza naye. Gazeti la mji lilisikitika kwamba wamemkataa mtu mwenye uwezo kwa sababu ya rangi. Mwaka 1884 alikuwa Stillwater, Minnesota. Mwaka uliofuata akawa Keokuk, Iowa, na mashabiki wakampenda sana, mpaka ligi yenyewe ikavunjika katikati ya msimu. Ni katika miaka hiyo alipoacha kurusha mpira na kuhamia kituo cha pili. Hapa naomba tukae kidogo, maana wasomaji wengi wa Kiswahili hawakukulia kwenye mchezo huu na bila kuuelewa hawataona ujasiri wa mtu huyu.

Uwanja wa ndani wa besiboli ni mraba wenye vituo vinne, kila upande futi 90. Mpigaji akiugonga mpira kwa gongo lake hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na wapinzani hujaribu kumtoa kabla hajafika. Mchezaji wa kituo cha pili husimama kati ya kituo cha kwanza na cha pili. Mpira unaobingirika upande wake ni wake. Lazima auokote akiwa anakimbia, ageuke, aurushe kituo cha kwanza kabla mpigaji hajakifikia. Leo kazi hiyo hufanywa kwa glavu kubwa la ngozi. Miaka ya 1880 wengi waliifanya kwa mikono mitupu, kwenye viwanja vyenye mashimo na kokoto. Bid McPhee wa Cincinnati, aliyecheza nafasi hiyohiyo, hakuvaa glavu hadi mwaka 1896. Vidole vya watu hao vilivunjika na kupona vikiwa vimepinda.

Hata hivyo mpira haukuwa hatari kubwa kuliko zote. Mkimbiaji aliyeko kituo cha kwanza anaruhusiwa kuiba kituo, yaani kuchomoka mbio kuelekea cha pili wakati mrushaji anautoa mpira mkononi. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, huunyaka na kuutupa kituo cha pili, ambako mchezaji anayekilinda lazima asimame palepale, macho yake yakiwa kwenye mpira, audake, kisha amguse nao mkimbiaji anayekuja akiteleza kwa miguu mbele. Na viatu vya miguu hiyo vilikuwa na njumu za chuma.

Kwa mchezaji mzungu hii ilikuwa hatari ya kazi. Kwa Fowler ilikuwa nafasi ambayo kila mpinzani aliyemchukia aliipata mchana kweupe, mbele ya mwamuzi, bila kuvunja kanuni yoyote. Mwaka 1889 mchezaji mmoja mzungu wa International League alisimulia gazetini kwamba Fowler alizoea kucheza akiwa amejifunga vipande vya mbao kwenye magoko, kwa kuwa alijua karibu kila anayekuja kuiba kituo ana kisa naye na atamchoma kwa njumu akiweza. Simulizi kama hiyo husemwa pia juu ya Frank Grant wa Buffalo, mweusi mwingine aliyecheza kituo cha pili katika ligi hiyohiyo. Wapo wanaobishana ni nani kati yao aliyeanza. Kwangu ubishi huo hauna uzito. Wanaume wawili weusi, katika nafasi moja, katika ligi moja, wote wakihitaji mbao ili kulinda mifupa yao: tayari tumeshaelezwa ligi ile ilikuwaje.

Na bado alicheza vizuri. Mwaka 1885 gazeti la michezo la Sporting Life liliandika kwamba yeye ni miongoni mwa wachezaji bora nchini, na kwamba angekuwa na uso mweupe angekuwa anacheza na walio bora kabisa. Mwaka 1886 alikuwa Topeka, Kansas, katika Western League, na wastani wake wa kupiga ulikuwa .309. Maana yake ni kwamba karibu mara 31 katika kila 100 mpira wake ulimfikisha salama kwenye kituo. Mpigaji akifikisha mara 30 huhesabiwa hodari, zamani hizo na leo.

Halafu ukaja mwaka 1887.

International League ilikuwa ngazi moja tu chini ya ligi kuu, na mwaka huo ilikuwa na wachezaji weusi kadhaa: Grant kule Buffalo, George Stovey na Moses Fleetwood Walker kule Newark, Robert Higgins kule Syracuse. Fowler alisajiliwa na Binghamton, New York, ambako alikuwapo pia mrushaji mweusi, William Renfro. Katika mechi 34 Fowler alikuwa na wastani wa .350, alikuwa ameingiza pointi 42 na kuiba vituo 23. Hizo ni takwimu za mchezaji ambaye timu yoyote ingemlinda.

Wachezaji wenzake wazungu walipeleka simu ya maandishi kwa uongozi: hawatacheza tena kama weusi hawa hawataondolewa. Uongozi uliwatoza faini waliogoma, lakini mwanzoni mwa Julai ukamwachia Fowler, tena kwa sharti kwamba asijiunge na timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Sharti hilo ndilo linalonichoma kuliko mengine yote katika maisha yake. Timu inayomwona mchezaji hafai haina haja ya kuogopa atakapokwenda. Binghamton walimfunga mlango kwa sababu walijua wanachokipoteza, na walijua kitakachowapata wakikutana naye upande wa pili.

Tarehe 14 mwezi huohuo viongozi wa ligi walikutana Buffalo na kupiga kura: mikataba mipya ya wachezaji weusi isiidhinishwe tena. Kura zilikuwa 6 kwa 4, na zile 6 zilitoka kwa timu ambazo hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Siku hiyohiyo kule Newark, Chicago iliyoongozwa na Cap Anson ilikuja kwa mechi ya kirafiki, na Stovey, aliyepangwa kurusha, hakurusha. Ilitangazwa kwamba anaumwa. Kila aliyefuatilia mchezo alijua kwamba Anson hakutaka kucheza dhidi ya mtu mweusi. Mwaka 1883 alijaribu jambo hilohilo kule Toledo, Ohio, dhidi ya Walker, na siku ile wenyeji walimkatalia.

Wakati mwingine watu huuliza kifungu gani cha kanuni za ligi kuu kilichowakataza weusi miaka yote hiyo. Hakuna. Mwaka 1867 chama cha klabu za ridhaa kiliandika wazi kwamba hakitapokea klabu zenye watu weusi, lakini ligi kuu za kulipwa zilizofuata hazikuandika. Zilielewana. Mmiliki mmoja hamsajili, wa pili hamsajili, na ukiuliza unaambiwa hakuna aliyekatazwa. Ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuupiga vita kuliko ule ulioandikwa, kwa kuwa hauna sahihi ya mtu chini yake. Fowler hakuwa na hati ya kupeleka mahakamani. Alikuwa na barua ya kuachiwa, na miji mingine ya kujaribu.

Akaijaribu. Baada ya Binghamton alikwenda Vermont, kisha Indiana, kisha Santa Fe huko New Mexico, kisha Greenville, Michigan, kisha Illinois na Iowa, na mwaka 1892 akawa Nebraska. Zilikuwa ligi ndogo za miji midogo, nyingine hazikumaliza hata msimu. Ukihesabu tangu Lynn, alicheza misimu 10 katika ligi zenye wazungu. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama, na nawaomba wale wanaosema kwamba takwimu za Fowler ni chache mno kumpima waifikirie kwa utulivu. Ni kweli magazeti ya miji ile hayakuhifadhi kila kitu. Lakini mmiliki wa timu ya mji mdogo hakuwa na sababu yoyote ya huruma kumwajiri mtu mweusi. Alijua baadhi ya wachezaji watanuna, baadhi ya mashabiki watazomea, baadhi ya hoteli zitamkatalia chumba. Alichukua mzigo huo wote kwa sababu moja: alitaka kushinda, na aliamini mtu huyu atamsaidia kushinda. Wamiliki wa namna hiyo hawakuwa wawili au watatu. Kwa miaka 17 waliendelea kujitokeza, jimbo hadi jimbo. Sijui ushahidi gani wa ubora unaweza kuuzidi huo kwa mchezaji wa zama zake.

Mwaka 1894, milango ikizidi kupungua, Fowler alikuwa Findlay, Ohio, akicheza na kijana mweusi hodari, Grant Johnson. Wawili hao wakaamua kuanzisha timu yao ya weusi watupu. Walipata wafadhili Adrian, Michigan: kiwanda cha uzio wa waya cha Page, pamoja na kampuni ya baiskeli ya Monarch. Timu ikaitwa Page Fence Giants, na mwaka 1895 ikaanza kuzunguka nchi.

Napenda sana sehemu hii ya maisha yake, kwa sababu hapa unaona akili ya mtu aliyekwisha kuijua barabara. Hoteli na migahawa iliwakatalia weusi? Timu ilisafiri na behewa lake lenyewe la treni, wachezaji wakilala na kula humo, wakiwa na mpishi wao. Mji haukuwajua? Walipofika waliingia mitaani wakiwa juu ya baiskeli, wamevaa sare, na watu wakawafuata hadi uwanjani. Fowler alikuwa ameionja barabara hiyo kwa miaka mingi, na mpango wa timu hii ulikuwa dawa ya fedheha zake. Mwezi Aprili walicheza hata na Cincinnati ya National League, wakafungwa mara mbili, lakini msimu ulipokwisha walikuwa wameshinda zaidi ya mechi 100. Timu nyingi za weusi za miaka iliyofuata zilizunguka nchi kwa mtindo huohuo wa mechi za mji kwa mji.

Lakini Fowler mwenyewe hakumaliza msimu huo. Katikati ya mwaka aliiacha timu aliyoiasisi na kwenda kucheza Michigan State League, kwenye timu ya Adrian ileile, pamoja na wazungu. Nimesoma watu wakilishangaa jambo hili, wengine wakiliona kama kuwatupa wenzake. Mimi silioni hivyo. Page Fence Giants walicheza dhidi ya kila timu iliyokubali, mechi za kiingilio na tamasha. Ligi ni kitu kingine. Ligi ina msimamo, ina ratiba, ina jina lako kwenye orodha ya wastani kila wiki, na mwisho wa msimu inasema nani alikuwa bora. Mchezaji aliyelazimishwa kutoka kwenye ligi akiwa na .350 hakuwa na sababu ya kuacha kuitaka ligi. Mwaka huo alisema, na maneno yake yalichapishwa, kwamba ngozi yake ndiyo inayompinga: kama asingekuwa mweusi kiasi kile, pengine angepita kama Mhispania. Alikuwa na miaka 37 na bado alikuwa anautafuta mlango. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa kuwa wa kwanza.

Ulikuwa msimu wake wa mwisho katika ligi ya namna hiyo. Aliendelea kuunda na kuongoza timu za weusi kwa miaka kadhaa, afya ikamshinda, na akafariki Februari 26, 1913 nyumbani kwa dada yake Frankfort, New York, kwa ugonjwa wa upungufu wa damu, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 55. Alizikwa bila jiwe la jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1987, na watafiti wa historia ya besiboli ndio waliolinunua.

Nilitaja Cooperstown mwanzoni, na sasa lazima nirudi huko, kwa sababu ndiko uliko Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa Besiboli. Ulifunguliwa mwaka 1939, na ulijengwa pale kwa sababu tume iliyotoa taarifa yake mwanzoni mwa karne ya 20 iliamini kwamba Abner Doubleday aliubuni mchezo huu katika mji huo mwaka 1839. Wanahistoria wameshaonyesha kwamba hadithi hiyo haina msingi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 80 mji ulipokea wageni kwa ajili ya mtu ambaye hakubuni besiboli, huku mwanabesiboli wa kweli aliyekulia kwenye mitaa yake akiwa hajapewa nafasi miongoni mwa watu mashuhuri wa jengo hilo. Mwaka 2013 mji wenyewe uliipa njia ya kuingilia uwanja wa Doubleday jina la Fowler. Ukumbi ulichelewa zaidi. Desemba 2021 kamati ya watu 16 ilimpigia kura. Zilihitajika 12, naye akapata 12 kamili. Julai 24, 2022 aliingizwa rasmi, na Dave Winfield, nyota wa zamani wa besiboli, ndiye aliyezungumza kwa niaba yake. Cap Anson yumo humo tangu 1939.

Sitaki Anson aondolewe. Alikuwa mpigaji mkubwa na rekodi zake ni za kweli. Abaki, na watoto wanaotembelea Ukumbi waelezwe yote aliyoyafanya, pamoja na ya Newark. Ninachokataa ni ile sauti niliyoisikia baada ya kura ya 2021, kwamba Fowler amepewa nafasi kama ishara, kama namna ya kuomba radhi. Radhi zinastahili kuombwa, ila hiyo ni kazi ya ligi na wamiliki wake. Nafasi ya Fowler katika Ukumbi ni suala la mpira. Topeka walimchukua kwa ajili ya mpira, Greenville vivyo hivyo, na mwaka 1895 timu ya ligi huko Michigan ilikuwa na kila sababu ya kutafuta kijana mweupe wa miaka 22 wa kulinda kituo cha pili, ikamchagua mzee wa miaka 37 ambaye wote walijua anajifunga mbao miguuni.